Elimu ni bure, sasa mzazi anadaiwa nini?

Kila Januari, shule za msingi za serikali zikifunguliwa, kikao cha kwanza cha wazazi hukwama mahali palepale. Mwalimu mkuu ameshatoa taarifa ya taaluma, mwenyekiti wa kamati ya shule amesimama kuzungumzia uji, mlinzi na madawati. Kabla hajafika kwenye madawati, mkono unanyooka kutoka nyuma, chini ya mwembe: "Mwenyekiti, samahani. Serikali imesema elimu ni bure. Hivi tunadaiwa nini tena?" Makofi. Mwalimu mkuu anainamia karatasi zake. Kikao kinafungwa kwa sala, na watoto wanaendelea kushinda na njaa mpaka kengele ya mwisho.

Aliyeuliza ana haki ya kuuliza, na mwenyekiti ana haki ya kuomba. Kinachowagonganisha ni kwamba mambo matatu yanazungumzwa kana kwamba ni moja: ada, mahitaji ya mtoto mwenyewe, na mchango wa hiari kwa shule. Kila moja lina kanuni zake. Halafu kuna la nne, ambalo halifiki hata kwenye ajenda kwa sababu halina stakabadhi, nalo ni ile kazi ambayo nyumba ya mtoto huifanyia shule kila siku. Kwa maoni yangu hilo la nne ndilo zito kuliko yote, na ndilo babu na bibi wanaliweza hata kama mfukoni hamna kitu. Lakini tuanze na yale matatu, maana yasiponyooka hakuna atakayetulia kulisikiliza la nne.

Nyaraka zinasema nini hasa

Ada ya shule ya msingi Tanzania ilifutwa mwaka 2001, wakati wa kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Ada ikaondoka, michango ikabaki na kuzaana: ya dawati, ya mlinzi, ya mitihani ya majaribio, ya ukarabati. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ndio uliokata yote hayo, ukafuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Kidato cha tano na cha sita walifuata katika mwaka wa fedha 2022/23.

Waraka Na. 3 wa 2016 ndio uliogawa majukumu, na ndio ambao wazazi wengi hawajawahi kuuona. Serikali inabeba mishahara ya walimu, vitabu, mitihani ya taifa na ruzuku ya kuendesha shule. Mzazi anabeba sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mwanawe, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Hapo kwenye chakula ndipo watu hushtuka. Uji ule ambao mwenyekiti aliuomba haukuwa mchango wa kuisaidia serikali. Ulikuwa wajibu wa nyumbani uliohamishiwa jikoni kwa shule ili upikwe kwa pamoja.

Na ruzuku? Kiwango kilichozoeleka kwa shule ya msingi kwa miaka mingi ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 800 ina shilingi 400,000 za mwezi mzima. Humo ndani ziko chaki, karatasi, mitihani ya ndani, michezo, kitasa kilichovunjika na bati lililong'oka kwa upepo. Kiwango hicho kilipangwa zama za MMEM kwa hesabu ya dola 10 kwa mtoto, wakati dola ikiwa karibu na shilingi 1,000. Tangu hapo dola imeshapanda zaidi ya mara mbili. Mwalimu mkuu anayekuomba rimu ya karatasi si lazima awe mwizi.

Lakini si lazima awe msafi pia, ndiyo maana utaratibu upo. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango na kumrudisha mtoto nyumbani kwa kutolipa. Mchango wa hiari haukufa kwa agizo lile, ila ulitakiwa kupita njia yake. Wazo lijadiliwe kwenye kamati ya shule, likubaliwe kwenye mkutano wa wazazi au wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, lipate kibali cha mamlaka za juu, na fedha isipite mikononi mwa mwalimu. Kwa hiyo mzazi akiombwa mchango, maswali ya kuuliza ni mepesi na hayana ugomvi ndani yake. Muhtasari uko wapi? Kibali kimetoka kwa nani? Nani anapokea, na anatoa stakabadhi? Asiyekuwa nacho anafanyaje? Likikosekana jibu la swali hata moja, mzazi hana sababu ya kulipa siku hiyo, na hana sababu ya kutukana pia.

Nguvu kazi ni habari nyingine, na huko ndiko wananchi wametoa kikubwa kuliko vitabu vya hesabu vinavyoonyesha. Mchanga, mawe, maji, siku za kuchimba msingi: madarasa mengi ya nchi hii yalianza hivyo. Wanakijiji hupandisha boma mpaka usawa wa lenta, halmashauri ikaja na fedha ya kumalizia, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi milioni 12.5 kwa boma la darasa. Ushauri mmoja tu hapa: pateni ramani kwa mhandisi wa halmashauri kabla jembe halijagusa ardhi. Boma lisilofuata vipimo hugeuka kuwa banda la mbuzi, na mkutano unaofuata hakuna atakayebeba hata ndoo.

Fedha ikiingia, mtoto anajifunza zaidi?

Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika utafiti mkubwa katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za Tanzania Bara, chini ya mpango uliojulikana kama KiuFunza. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto, ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata chochote ili liwe la kulinganishia.

Matokeo yalichapishwa 2019, na yanapaswa kusomwa kwenye kila kikao cha wazazi. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Shule zilinunua vitu, fedha haikuliwa, lakini kusoma na kuhesabu kulibaki kulekule. Kilichopandisha alama waziwazi ni ruzuku ikiambatana na sababu ya mwalimu kuitumia darasani. Na katikati ya takwimu hizo kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: shule zilipopata fedha, kaya zilipunguza kile zilichokuwa zikitumia kwa elimu ya watoto wao. Mzazi aliona shule imeshapata, akapumua. Ni jambo la kibinadamu kabisa. Anayehesabu sarafu za mboga hawezi kulaumiwa kwa kupumua.

Ila tukilitazama vizuri, linatuonyesha tulivyojizoesha kuipima sapoti ya mzazi kwa shilingi tu. Tukiambiwa shilingi hazitakiwi, tunadhani kazi yetu imekwisha. Na shule nazo zimejizoesha hivyo hivyo. Mzazi huitwa shuleni kwa mambo mawili, mchango na kesi. Siku akiona jina la mwalimu kwenye simu, moyo unamdunda.

Siku 194

Mwaka wa masomo una siku 194. Kaya zilizo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huzijua siku hizo kuliko kaya nyingine, kwa sababu sehemu ya ruzuku yao imefungwa kwenye sharti la mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80. Katika vijiji vingi ukienda siku ya malipo utakuta wanaopanga foleni wengi ni wanawake, na wengi wao ni bibi wanaolea wajukuu.

Sharti hilo ni jema, lakini lipigie hesabu. Asilimia 80 ya 194 ni siku 155. Mtoto aliyetimiza sharti bila kasoro anaweza kuwa amekosa siku 39, ambazo ni karibu wiki nane za masomo. Katika wiki nane darasa la pili linaweza kuwa limetoka kwenye kujumlisha na kuingia kwenye kutoa kwa kukopa. Aliyekosa atarudi akute wenzake "wanakopa" na yeye hajui deni lilianzia wapi.

Siku hizo hazipotei kwa mkupuo. Zinapotea moja moja: Jumatano ya mnada, Ijumaa ya kubaki na mdogo wake kwa sababu mama kaenda kliniki, siku tatu za kuwinga ndege kwenye mpunga, wiki ya msiba, siku ya sare kulowa. Kila moja ina sababu inayoeleweka. Kwa hiyo mzazi akitaka kuisaidia shule bila kutoa senti, aanze na kalenda. Mihula huanza Januari na Julai, na mtoto anayefika wiki ya pili kwa kuwa "wiki ya kwanza wanafyeka tu" amekosa wiki ambayo mwalimu anapanga makundi na kugawa vitabu.

Hapa umoja wa wazazi na walimu unaweza kufanya jambo la gharama ndogo sana. Kila kitongoji kitoe mzazi mmoja kwa darasa. Rejista ikionyesha mtoto kakosa siku mbili mfululizo, mwalimu wa darasa ampigie huyo, naye apite nyumbani jioni kuuliza kuna nini. Vocha ya simu ya mwalimu inunuliwe na wazazi. Nimeona kamati ikibishana mwezi mzima juu ya rangi ya geti, na vocha ya elfu mbili ya kutafuta watoro ikakosa mtu wa kuitetea.

Debe moja la mahindi

Turudi kwenye uji, maana ndio unaovunja vikao. Makubaliano ya kawaida vijijini ni debe moja la mahindi kwa mtoto kwa mwaka, na kilo kadhaa za maharage. Debe la mahindi ni kama kilo 18. Gawanya kwa siku 194 upate gramu 93 kwa siku. Zinatosha bakuli la uji mzito, au sahani ndogo ya makande kama maharage yapo. Hazitoshi vyote viwili. Kamati inayoahidi uji saa nne na makande mchana kwa debe moja inajitafutia kesi ifikapo Agosti.

Shule ya watoto 800 ikikusanya vizuri inapata magunia zaidi ya 130. Yanakaa wapi? Katika shule nyingi yanakaa kwenye kona ya ofisi ya walimu, yakiegemea ukuta, juu ya sakafu tupu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo chake ni nafaka iliyoota ukungu kwa unyevu. Hapo bibi wana elimu ambayo mwongozo wowote wa wizara unaifuata kwa nyuma: mahindi yanaanikwa juu ya turubai na si juu ya udongo, yanapukuchuliwa yakiwa makavu, punje inaumwa kwa jino kabla haijaingia guniani, na gunia linakaa juu ya mbao mbali na ukuta. Mkichagua kamati ya chakula, wekeni bibi wawili wa kupokea mahindi. Hakuna mzazi kijana atakayewapitishia debe lenye mahindi mabichi chini na makavu juu.

Mambo mengine ya jiko la shule ni ya uaminifu tu. Kipimo kiwe kimoja na kijulikane. Pawe na daftari la stoo linalosema kilo ngapi zimetoka leo, zimepikiwa watoto wangapi, na nani kasaini. Mpishi alipwe kwa tarehe inayojulikana. Nishati ya kupikia nayo imebadilika: serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, kwa hiyo jiko sanifu au gesi inaingia kwenye bajeti, na ule utaratibu wa kila mtoto kuja na ukuni wake Jumatatu unaondoka.

Na mtoto ambaye kwao hawakuleta debe? Hapa nitasema bila kuzunguka. Kumsimamisha pembeni ashuhudie wenzake wakinywa ni ukatili, na shule inayofanya hivyo imepoteza hoja yote ya kuomba chakula. Kikao kipange mapema jinsi ya kuwabeba: shamba la shule, debe la ziada kwa wenye uwezo, au mzazi asiye na mahindi kuleta nguvu yake jikoni. Deni ni la mzazi na lishughulikiwe na wazazi wenzake kwa mtendaji wa kijiji. Mtoto anywe uji.

Kulisoma daftari bila kujua kusoma

Wazazi wengi, na babu na bibi zaidi, husema hawawezi kumsaidia mtoto masomo kwa kuwa wao wenyewe hawakusoma. Hii ndiyo kauli inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu si kweli.

Chukua daftari la hisabati la mtoto wa darasa la tatu. Usiangalie hesabu. Angalia tarehe juu ya ukurasa, na hata asiyejua herufi wengi wanajua tarakimu kwa sababu ya noti na simu. Tarehe ya mwisho ni ya lini? Ikiwa ni ya wiki mbili zilizopita na mtoto alikuwa anakwenda shule kila siku, kuna swali la kumuuliza. Halafu angalia wino mwekundu. Vema na kosa zina maumbo tofauti, yanaonekana. Ukurasa usio na alama yoyote nyekundu maana yake kazi haikusahihishwa. Ukurasa uliojaa makosa bila neno "sahihisho" chini yake maana yake mtoto alikosea na hakurudia. Mwisho hesabu kurasa zilizochanwa. Dakika tano, kila Ijumaa jioni, taa ikiwa imewashwa. Mtoto akishajua bibi hufungua daftari Ijumaa, Alhamisi ataandika.

Kusoma nako ni hivyo hivyo. Darasa la kwanza na la pili kazi kubwa ni zile K tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, na kusoma kunataka mazoezi ya sauti ambayo mwalimu mwenye watoto 90 darasani hawezi kumpa kila mmoja. Mtoto asome kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na bibi asikilize. Akimaliza, bibi aulize: imesema nini? Asiyejua kusoma ndiye msikilizaji bora kwa zoezi hili, kwa kuwa mtoto analazimika kueleza kweli. Akibuni, hadithi itakosa kichwa na miguu, na bibi aliyekulia kwenye hadithi atalijua hilo mara moja.

Vitendawili vyetu vya jioni vilikuwa mazoezi ya akili kabla hatujaviita hivyo, na dukani mtoto akitumwa sukari ya 1,500 na noti ya 5,000, aulizwe chenji kabla hajatoka mlangoni. Sekondari mambo hubadilika, lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza na mzazi wa Kiswahili anajiona hana nafasi tena. Anayo. Mwambie mwanao akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo kuhusu usanisinuru. Akishindwa kukieleza kwa lugha anayoiota, basi alikariri.

Twisheni ya jioni ya kulipia, kwa mwalimu yuleyule aliyekuwa naye asubuhi, ni mada inayojitosheleza. Kwa upande wangu naiona ni mchango wa lazima ulioingia kwa mlango wa uani.

Bibi ndiye mzazi

Idadi kubwa ya watoto wetu wanaishi na babu au bibi. Wengine ni yatima. Wengi zaidi wazazi wao wako Dar es Salaam, machimboni, au, kwa familia za pwani ya Kenya hasa, mama yuko Saudi Arabia au Oman kwa kazi za nyumbani. Mzazi anatuma fedha, bibi anaishi na mtoto, na shule ina namba ya simu ya mzazi. Mtoto akiugua saa tano asubuhi, mwalimu anapiga namba iliyo mamia ya kilomita mbali.

Kwa hiyo jambo la kwanza siku ya kuandikisha ni kuhakikisha fomu ina jina na namba ya mtu anayelala nyumba moja na mtoto. Kama bibi hana simu, iandikwe ya jirani. Cheti cha kuzaliwa kiachwe kwa bibi, au angalau nakala yake, kwa sababu kitatakiwa kwenye mitihani na mzazi wa mbali huwa kakiweka kwenye begi ambalo halijulikani liko wapi. Na bibi aende kwenye kikao yeye mwenyewe. Nimeona bibi wakikaa kimya mwanzo mpaka mwisho kwa kudhani wao ni wa kuwawakilisha wenye mtoto. Mlezi ana sauti sawa na mzazi, na kwenye masuala ya nyumbani ana habari zaidi.

Mzazi wa mbali naye asidhani muamala wa simu unatosha. Apige kwa mwalimu wa darasa katikati ya muhula, aulize mambo mawili tu: anahudhuria? anasoma? Asipige kumkaripia bibi kwa matokeo.

Upo msaada mmoja wa bibi ambao hauandikwi popote. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ukiwamo ujauzito, kurudi kwenye shule za serikali. Mlango ulifunguliwa kwa kalamu, lakini binti mwenye mtoto wa miezi sita hawezi kuingia darasani mpaka kuwe na mtu wa kumshika yule mchanga kuanzia saa moja asubuhi. Huyo mtu, mara nyingi, ni bibi. Na ndiye atakayepambana na maneno ya majirani wakati binti anapita na sare yake barabarani.

Ndani ya shule pia wazee wana pa kuingia. Historia ya Tanzania na Maadili sasa ni somo, na mzee aliyeishi operesheni ya vijiji vya ujamaa ana kitu cha kuwaeleza darasa la sita kuliko aya tatu za kitabu, mradi mwalimu amwalike kwa adabu na ampangie dakika 30, maana wazee wetu tunawajua. Fundi seremala mstaafu akipewa misumari na mbao chakavu, madawati ya mguu mmoja yaliyorundikwa nyuma ya choo yatapungua.

Kamati, ubao wa matangazo na kiboko

Kila shule ya msingi ina kamati ya shule. Mwenyekiti hutoka kwa wazazi, mwalimu mkuu ndiye katibu. Ruzuku ikiingia, mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nenda ukautazame. Ukikuta tangazo la mkutano wa mwaka juzi na ratiba ya usafi, muulize mwenyekiti wenu, si mwalimu wa zamu.

Kenya wameliweka hili kwenye sheria kwa namna inayofaa kuigwa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliweka bodi ya usimamizi yenye wawakilishi wa wazazi, na pembeni yake chama cha wazazi chenye mwakilishi kutoka kila darasa. Faida yake ni kwamba mzazi wa darasa la kwanza hasubiri mkutano mkuu ili asikike. Kwetu hakuna kinachozuia shule kujipangia hivyo hata kesho.

Adhabu ndiyo inayoharibu uhusiano wa shule na nyumba kuliko fedha. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mtu anaweza kuzipinga kanuni zenyewe, na mimi ni mmoja wao, lakini hata kwa kanuni hizo fimbo ya kila mwalimu kila saa haina uhalali. Mtoto akirudi na alama mwilini, apelekwe hospitali kwanza, kisha mzazi aende kwa mwalimu mkuu na karatasi ya daktari. Asiporidhika, kamati. Asiporidhika, afisa elimu kata, na kama mtoto kaumizwa, polisi dawati la jinsia na watoto. Mzazi anayeingia darasani na rungu anageuza kesi ya mwanawe kuwa kesi yake mwenyewe.

Na mwalimu je? Anapangiwa kijiji ambacho hajawahi kukisikia, anafika na begi, anaonyeshwa chumba chenye popo. Kijiji kinachomtafutia mwalimu mpya chumba cha kupanga kwa bei ya kiungwana, kikamwonyesha kisima na kumwambia duka gani linakopesha, kinampunguzia sababu za kuomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Mwalimu wa hisabati akihama, nafasi yake inaweza kukaa wazi muda mrefu, na hapo ndipo kamati inarudi kwenye kikao kuomba mchango wa mwalimu wa kujitolea.

Nafasi za wazazi kwenye kamati hugombewa na watu wachache sana. Uchaguzi unafanyika, watu wanatazamana, mwishowe anateuliwa yule aliyechelewa kukaa. Mara nyingi wenye maswali makali kuliko wote, wale wa chini ya mwembe, hawajiandikishi. Kikao kijacho ajenda ikifika kwenye kujaza nafasi, mkono ule unyooke tena.